Daftari la Vipimo

Daftari langu limekunywa mafuta ya cherehani,
limevimba kama mkate uliolowa.
Miaka ishirini na miwili kwenye baraza hii ya Barabara ya Naboa
nimeandika mabega, kiuno, urefu wa sketi,
na pembeni, kwa penseli, niliyoyaona bila kuulizwa.

Zamani sketi ya darasa la nne ilikuwa mfuko wa mto:
mstari huku, mstari kule, lastiki, basi.
Nilikata dazani kwa karatasi moja ya gazeti.
Sasa kila mwaka nachora upya,
na karatasi haikubaliani na watoto.

Jumanne aliletwa Khainza. Miaka tisa.
Mama yake ana duka la jumla Namakwekwe;
kwao soda hufunguliwa kama dirisha, asubuhi.
Utepe ukamzunguka, ukaomba nyongeza.
Sweta kafunga kiunoni, jua lote lile,
na mama akaninong'oneza juu ya kichwa chake,
kana kwamba masikio yake ni ya mtu mwingine:
"Kavunja ungo, dada. Na meno bado anang'oa."

Kavunja ungo.
Msemo huo niliupata kambini, baba akiwa askari,
nikadhani nitaulizwa ungo wa nani, niulipe.
Wangu ulichelewa. Ulikuwa mwaka wa mihogo mikavu,
nikafika kumi na saba, mbavu zinahesabika,
na ulipovunjika nilichana shati kuukuu la baba,
lenye mfuko wa kifungo cha shaba.

"Nani kanirogea mtoto?" mama akauliza.
Nikaitoa pini mdomoni.
Nesi mmoja, mteja wangu, alinieleza siku moja
akisubiri nimpunguzie gauni:
mwili una mzani wake ndani, gizani,
unapima akiba kabla ya kufungua mlango.
Akiba ikijaa mapema, mlango nao huenda ukawahi.
Si kila mara, alisema. Wapo wembamba wanaowahi.
Wala si kosa la mtoto. Hilo alilirudia.

Alhamisi akashuka Mutonyi, binamu yake, kutoka Wanale.
Kumi na tano. Kabichi kichwani, ngazi zile za mwamba,
kila siku ya soko kabla ya shule.
Sketi ya miaka mitatu iliyopita bado inamkaa;
pindo tu ndilo limekimbilia magotini.
Nyanya yake amenyamaza naye, yeye kanyamaza na wenzake,
na mimi nikiwa nimepiga magoti na chaki
akauliza ukuta: "Mimi ni mzima?"
Chaki ikavunjika.
Nikamwambia nenda kwa nesi, nitakupeleka mwenyewe.
Kisha nikampa chapati yangu, na yai lake.
Aliila akinipa mgongo.

Jumamosi wakakutana hapa kujaribu sare.
Nilitarajia maneno. Mdogo alimtazama mkubwa
kama unavyotazama mtu aliyeketi kiti chako,
na mkubwa vilevile.
Halafu Khainza akatoa kitambaa mfukoni,
akakikunja mara tatu juu ya meza ya kukatia:
"Hivi. Siyo hivyo, kitateleza. Hivi."
Mwalimu wa miaka tisa, pengo mbele.
Mutonyi akakunja, akakosea, akakunja.
Kisha akaokota vitambaa vyangu chakavu,
akavifunga mpira kwa uzi wa nailoni.
"Kwepena unajua?"
"Niliacha."
"Nani alikwambia uache?"

Nilishona mfuko wa siri ndani ya sketi zote mbili,
na pindo pana, la kuteremshwa.
Nje, mpira wa matambara ulipiga mlango wangu mara mbili,
mara ya tatu ukamwaga chai juu ya daftari.
Wino wa majina yao umechanganyika.
Sijui tena kiuno kipi ni cha nani.
Itabidi niwapime upya.