Nafasi Mezani

Mezani kwangu, Oulu, ghorofa ya tatu,
pana nafasi ya upana wa kiganja na nusu.
Siweki kikombe hapo. Siweki miwani.
Eelis, kijana wa jirani, alipobwaga glavu zake
niliziondoa kama mtu anayemwondoa paka
juu ya kitanda alichomtandikia mgeni.

Mgeni mwenyewe hajaja.
Ni kipima umeme cha rangi ya chungwa,
tarakimu sita, kioo kinachosomeka gizani,
na sifa kwamba husikia hata volti ndogo
zinazonong'ona ndani ya waya uliolala.
Nilikichangia kwenye harambee ya mtandaoni
Machi ya mwaka juzi, Aune akiwa hai.
Alinitazama juu ya gazeti, akasema:
"Ilpo, umenunua picha."

Ahadi ni deni, nikamjibu.
"Basi kadai," akasema,
akafungua ukurasa wa michezo.

Watengenezaji ni wawili, vijana wa Tartu,
Siim na Liidia. Wanaandika vizuri.
Barua ya kwanza ilisema Septemba.
Ya pili, kioo kimebadilishwa.
Ya tano, kalibu limepasuka kiwandani,
na wakatuma picha ya ufa wenyewe
na sarafu kando yake, tuone ukubwa.
Niliipenda picha ile. Fundi anayekuonyesha ufa
si mwizi.
Au ni mwizi mwenye adabu.
Ya tisa: maabara imekirudisha,
cheche zimeruka pasipotakiwa.
Ya kumi na moja ilifika siku tatu baada ya mazishi,
ikaanza, "Habari njema!"
Sikuisoma hadi theluji ilipoyeyuka.

Na mimi niko tayari, msinione nimekaa.
Resista kumi nimezipanga katika kopo la biskuti,
kila moja na thamani yake kwa kalamu ya risasi.
Kabatini, kati ya mashuka,
kuna chanzo cha volti kumi kamili
ambacho hakizimwi usiku wala mchana
ili joto lake lisiyumbe.
Aune alikiita kifaranga.
"Umemlalisha kifaranga?" aliuliza kila usiku
kabla ya kuzima taa ya upande wake.

Raakel wa jarida la mafundi hupiga simu.
Kurasa mbili za tathmini yangu amezijaza
mara kwa pasi ya kulehemu, mara kwa koleo,
mara moja kwa mapishi ya samaki.
"Kimefika?"
Kiko njiani, nasema. Njia ndiyo sijui.

Kazi inafanywa na mzee wa mshale,
niliyestaafu naye kutoka kituo cha simu.
Kioo kina mkwaruzo, mshale hutetemeka
kabla ya kusema kweli, kama shahidi mwoga.
Kimepima jiko la sauna la ghorofa nzima,
taa ya baiskeli ya Eelis,
betri za sikio la mama yake.
Hakuna aliyekichangia harambee.

Jana posta waliniita.
Nilitembea juu ya barafu kwa hatua za bata,
nikapewa kifurushi cha Tartu. Chepesi.
Chepesi mno. Kikibonyezwa, kinabonyea.

Fulana.
"Kwa subira yenu," kadi ilisema,
na kifuani, kwa rangi ya chungwa,
kipima umeme kizima, kwa ukubwa wake halisi.

Picha, Aune.

Niliikunja, nikaiweka pale mezani.
Ikaenea sawasawa, kiganja na nusu.
Nikachukua nyaya za mzee wa mshale,
nyekundu na nyeusi,
nikazigusisha kwenye matundu yaliyochorwa.
Mshale haukutikisika.
Ulibaki kushoto kabisa,
kwenye ile nane iliyolala chali.

Eelis alicheka hadi akakaa sakafuni.
Nikachukua daftari, maana kazi ni kazi:
Uzito, gramu mia na arobaini.
Mshono, safi. Mabega, mapana kuliko yangu.
Usahihi, nikaacha wazi.

Usiku niliwaandikia wale vijana:
imefika, asanteni. Kawieni, ila mfike.
Kisha nikafungua kabati, nikapeleka mkono
kati ya mashuka.
Kifaranga kilikuwa na joto.