Eksi ya Tano

Nilizichora mwenyewe, eksi kumi na mbili,
kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la ghala la korosho:
benchi la zahanati, hapa keti, hapa usiketi.

Leo naambiwa nizifute.
Nimepewa msasa, tarpentaini nusu chupa, elfu sita.

Ukungu wa Newala haujainuka.
Ndoo ya kunawa ipo, koki ipo,
maji dumu linanunuliwa, nani anunue?

"Futa zote," asema Ligomba,
ameshika bega palipochomwa sindano,
"nimechanja, nataka kukaa na watu."
Somoe hajachanja, wala hachanji,
naye ataka zifutwe: tangu mwanzo zilikuwa za bure.
Wamekubaliana. Wakiulizana sababu
watagombana mpaka adhuhuri.

Nesi kimya. Anahesabu vichupa kwenye boksi la barafu,
anatazama foleni, anahesabu tena.

Nasugua. Ya kwanza. Ya pili inang'ang'ania mbao.
Ya tano imekaliwa.

Bi Mwanashuru, mkoba mapajani.
"Mume wangu alikaa pale, mimi hapa,
katikati eksi yako.
Alikohoa, nikanyoosha mkono, nikaiona,
nikaurudisha.
Usinitazame hivyo, fundi. Pengine ndiyo iliyoniponya.
Lakini leo niache niikalie."

Nikaruka hadi ya sita.

Nimefuta kumi na moja.
Mganga akiuliza,
tarpentaini iliisha.