Makofi Mawili

Mwanangu ana siku tano na bado ni "mtoto".
Kadi ya hospitali inasema hivyo:
mtoto wa Mapendo, wa kike, kilo tatu kasoro,
na mahali pa jina pamebaki peupe
kama ufizi wake.

Shangazi Ntakwinja amepanda toka Muhungu na mvua yake,
ana orodha nyuma ya risiti ya sabuni.
"Amuri," anasoma, "ni Kifaransa kilichofungwa kitenge.
Mahaba."
Hilo hapana, Shangazi, watamcheka shuleni.
"Laziza."
Maana yake?
"Sijui. Nililisikia redioni. Linanukia."

Jirani, ambaye kizingiti chake kiko juu ya bati letu
(Kadutu ndivyo tulivyojenga, mmoja begani mwa mwingine),
anainama dirishani: "Muiteni Mpenzi, basi!"
Na mume wake atamwitaje?
Tunacheka mpaka mshono unaniuma.

Bisimwa hacheki. Anapiga gundi kiatu cha mtu
na anasema, bila kuinua uso: Nsimire.
Kwa Kimashi: nimeridhika. Au nimeshukuru. Au nimependa.
Lugha ya bibi zake haikuona haja ya kuvitenga.
Ndipo nashtuka: hata jina lake limetoka mzizi huohuo,
Bisimwa, vile vinavyopendwa,
na mimi miaka sita nalipigia kelele:
Bisimwa, maji yamekatika!
Bisimwa, panya yuko kwenye unga!
Penzi lote hilo, nalituma kufukuza panya.

Lakini mimi majina ya mapenzi nayaogopa.
Baba alipeleka saruji Uvira, akishuka Ngomo kwa gia ya kwanza.
Nilipozaliwa alikwenda mwenyewe komini,
akanyoosha kola, akamwambia karani: Mapendo.
Mama alifurahi mwezi mzima.
Kisha akafua koti.
Mfukoni, picha: mwanamke amesimama ziwani, kiatu mkononi,
na nyuma, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa Baba:
*Mapendo, Pasaka.*

Hakuvunja sahani. Hakurudi kwao Walungu.
Aliacha tu kulitamka.
Nyumbani nilikuwa weye, nilikuwa Kadogo,
nilikuwa "huyu" mbele ya wageni.
Na jioni, watoto wote wa mtelemko tukiwa bombani,
wengine wakiitwa kwa majina marefu ya ubatizo,
Mama alisimama mlangoni akapiga makofi mawili.
Ningeyajua kati ya makofi ya kanisa zima.
Niliacha bidoni, nikakimbia.

Leo amekuja akitoka Nyawera, beseni tupu kichwani,
magamba ya sambaza yameng'aa kwenye vidole.
Amenawa mara mbili. Amempokea mtoto.
Amemtazama muda ambao chai ingepoa, na imepoa.
Shangazi amekunja orodha yake.
Bisimwa ameacha nyundo.

"Mapendo," amesema Mama.

Nami nikafikiri: basi, limeamuliwa,
amempa mtoto lile jina, amelisamehe kupitia kwake,
kesho tutaliandika komini na kumpa karani matabishi.
Nikamwambia, aksanti Mama, ni jina zuri.

"Sisemi na mtoto," akasema.
"Mtoto mtafutieni lake, Nsimire halina kosa.
Nakuita weye."

Mvua ilikuwa bado inapiga bati.
Jirani, juu, alikuwa anahamisha sufuria chini ya tundu.
"Mapendo," akarudia, polepole,
kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.

Nikachelewa kuitika.
Miaka thelathini na moja nimeitikia viganja;
sikujua, kwa jina,
mtu huitika na sauti gani.