Spana Namba Kumi

Kiti kilirudi Keko kwa bajaji, miguu juu,
kama mbuzi anayepelekwa asikotaka.
Bi Mwamvita hakuteremka.
"Kinalia," alisema. "Nikiegemea kinalia,
na wageni wananitazama mimi."

Nikavuta mguu wa nyuma,
ukatoka mkononi kama jino la mtoto.
Ndani yake kijiti cha dukani,
mti mweupe usio na jina.
Paketi iliandikwa kumi. Kumi ya nani?
Tundu nilitoboa milimita kumi,
kijiti kilikuwa tisa na nusu,
na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa ikilia
sebuleni Mtoni, mbele za watu.

Vya kununua, basi tena.

Mashine yangu ya kukereza ina mota ya pampu ya maji,
beringi mbili za pikipiki, na kitanda cha chuma chakavu
nilichopimiwa kwa kilo kule Gerezani.
Ukiiwasha inakohoa kwanza.
Nakunja mikono ya shati. Navua saa.
Nachukua kipande cha mninga, ndugu wa kiti chenyewe,
ili masika wavimbe pamoja,
na kiangazi wanywee pamoja.
Kona nne nazipiga randa, zinakuwa nane,
halafu patasi inagusa:
ta-ta-ta-ta-ta,
ta-ta,
kisha sauti moja ndefu, laini,
na hapo unajua duara limezaliwa
kabla hujaliona.

Kijiti kirefu kina kiburi chake.
Kikishakonda, katikati kinaanza kukata kiuno.
Nakiwekea kidole mgongoni, kwa wepesi,
kama unavyomshika mtoto anayejifunza baiskeli.
Ukikaza kinakuunguza, ukiachia kinaruka.
Kati ya hapo na hapo kidole kinapajua;
mimi mwenyewe ukiniuliza, nababaika.

Kipimo changu ni spana namba kumi.
Ya Chande, fundi pikipiki wa ng'ambo ya mtaro;
niliiazima Ramadhani, na sasa ni Mfunguo Nne.
Naulaza mdomo wake juu ya kijiti kinachozunguka.
Haiingii.
Nakwangua unywele mmoja. Haiingii.
Nakwangua nusu ya unywele,
na *tk*,
inatumbukia yenyewe, kama mtu aliyefika kwake.

Nisijisifu. Cha kwanza kilikatika.
Cha pili nilikuwa nawaza kodi ya banda,
kikapita, kikawa tisa,
nikampa mama Nyambuka akawashie jiko la maandazi.
Cha tatu, katikati ya kazi, LUKU ikaisha.
Mota ikashuka pumzi polepole,
na kile kivuli laini nilichokuwa nikikikereza
kikaanza kuonyesha mistari yake,
kovu lake, kifundo kidogo chekundu,
kikasimama mbele yangu, kijiti tu.
Nikatuma elfu mbili. Nikaendelea.

Vinane. Nikavichora mkwaruzo ubavuni,
gundi ipate pa kutorokea,
nikavipigilia kwa nyundo ya mbao.
Vikaingia kwa kusitasita, vikakoroma, vikazama.
Nikapitisha kiganja. Hakuna kitu.
Siku nzima ya kazi, na ukitazama,
hakuna kitu.

Kesho yake jioni Chande akaja kudai.
Akakaa bila kukaribishwa, grisi hadi viwikoni,
akaegemea, akaegemea tena,
kwa uzito wake wote na hasira yake yote.
Kiti kimya.

"Miezi minne," akasema, "spana yangu unakazia nini?"
"Hicho ulichokalia."

Akainuka. Akakipindua miguu juu,
akapiga magoti kwenye vumbi la mbao,
akawasha tochi ya simu,
akaanza kutafuta nati.