Ukurasa wa Kumi na Tisa

Bwana Gethin alikuja Jumanne, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa,
akaizunguka nyumba kama mtu anayenunua ng'ombe:
akagonga ukuta, akachungulia darini, akapiga mluzi.
Kamera nne, akasema. Waya zipite juu, zishukie nyuma ya bomba la mvua.
Pauni mia saba na ishirini, dhamana miaka mitatu.

Halafu akatoa kalamu.
Huwa unatoka saa ngapi, mama?
Mlango wa nyuma una kitasa cha aina gani?
Usiku anabaki nani ndani?

Nikamjibu yote. Alipoondoka ndipo nikaingiwa na baridi:
maswali hayo hayo, kwa mpangilio huo huo,
angeniuliza yule aliyebeba baiskeli ya Hatibu,
kama angekuwa na adabu ya kupiga hodi.

Boksi la dukani lilikuwa pauni themanini na tisa.
Kamera mbili, nyeupe, kama mayai ya bata,
skrubu nane, na kijitabu chenye lugha kumi na moja.
Yetu haimo.
Nikasoma Kiingereza; nilipokwama nikasoma picha.

Rahisi huishia ghali, dada yangu alinionya kwenye simu kutoka Muheza.
Nikamwambia: dada, ghali nayo huanza na ghali.

Ngazi nikaazima kwa Maureen, nyumba ya pili.
Keekee nilikopeshwa kazini, kwa sharti nirudishe na vidole vyote kumi.
Matofali ya Swindon ni ya enzi za karakana za reli,
hayapendi kutobolewa. Vumbi jekundu likanijaa ushungini.
Tundu la kwanza likaenda upande.
La pili likakubali.

Na kule juu nikaona kitakachoonwa na kamera:
geti letu, mapipa matatu, gari la watu,
na jiko zima la Maureen,
mwenyewe kasimama, anakula mkate juu ya sinki,
sahani hakujisumbua kuchukua.

Nikaigeuza kamera kushoto. Maureen akatoka kwenye picha.
Nusu ya geti ikatoka naye.
Fundi angejua nyuzi ngapi; fundi ana chombo cha kupimia.
Mimi nilipima kwa aibu.

Januari, betri ikafa mara mbili kwa baridi.
Wai-fai haikufika ukuta wa nyuma, nilijaribu dirishani, bafuni, juu ya kabati.
Hapo nilishindwa, sikatai.
Nikampigia Gethin: njoo, nyuma tu, moja tu,
na saa zangu usiniulize tena.
Akacheka mpaka akakohoa.
Pauni mia mbili na kumi. Imekaa wima kama askari wa gwaride.
Nilipokuwa naandika nywila alinipa mgongo,
akautazama ukuta mtupu kana kwamba una picha.
Kwa hilo nilimwongezea chai.

Sasa, saa tisa za usiku, kwenye nyumba ya wazee,
nikishamgeuza Bwana Aldous alalie ubavu wa pili,
nafungua simu.
Nyuma: kila jani la bustani, safi, hakuna mtu.
Mbele, ile yangu, imeinamisha shingo:
mbingu tele, geti nusu,
mbweha anavuka barabara bila haraka, kama mwenye kodi yake.

Alhamisi Hatibu huchelewa kulala, hutoa pipa saa hiyo,
koti juu ya nguo za kulalia.
Akimaliza husimama chini ya kamera, huinua uso,
husema kitu.
Midomo naiona. Maneno siyapati.
Nikimuuliza asubuhi, hunijibu: weka sauti, utajua.

Sauti ni ukurasa wa kumi na tisa.
Gethin angeiwasha kwa dakika mbili.
Sijamwita.
Kijitabu kimo mkobani, nimekikunja kona.