Makadirio ya Mama

Mbeyu ametandaza karatasi ya grafu
juu ya mfuko mtupu wa saruji, mlangoni,
mwanga usiponea bado.
Rula yake ilivunjika kwenye kumi na saba,
basi hakuna jiwe, la Mirihi wala la Mwezini,
linaloruhusiwa kuzidi hapo.

Picha tatu kapewa na Mwalimu Katembe,
zimechapwa kwa wino unaokata roho:
Zuhura, mabapa kama chapati zilizoungua;
Mwezi, kifusi na kimya;
Mirihi, wekundu uliochujuka
kama leso ya kufulia kila siku.
Ya nne ni Dunia, hiyo haina picha.
Ameandika tu: *Mombasa, Mtopanga,
nyuma ya choo cha kina Dzame.*

"Mama, nihesabie."
Nahesabu. Ndiyo kazi yangu
tangu baba yake aende Taveta akasahau njia:
nyundo, pete ya tairi ya kubania jiwe,
machekeche matatu ya waya,
la nusu inchi, la robo tatu,
na lile pana, la mawe ya msingi.
Mwenye lori hulipa kwa debe.
Vumbi halilipwi.

Kila jiwe tulilolihesabu tunalitia nukta ya penseli
lisije likajidai mara mbili.
Majabali ya Mirihi, mawili.
Ya kichwa cha mtoto, kumi na tisa.
Ya ngumi, tisini na kitu, hapo tuligombana.
Nguzo zinapanda kuelekea kushoto,
zinapanda, zinapanda,
kisha pwaa,
kama ngazi iliyoibwa vidato.

"Hapo umekosea."
"Sijakosea."
"Mwanangu, jiwe halivunjiki hivyo.
Lipige moja: mapande mawili,
vijiwe kumi, na unga wa kukupofua.
Vidogo huwa vingi siku zote.
Huko juu nani kavizoa?"

Akaitafuna penseli. Akaisogeza picha puani.
"Vipo, mama. Kamera ndiyo haikuviona.
Ni vidogo kuliko jicho lake."

Sikujibu. Nilitazama mikono yangu,
myeupe hadi viwikoni,
upepo ukainua ncha ya karatasi,
nikaiwekea kokoto.
Naye akachora nukta, nukta, nukta,
kutoka nguzo ya mwisho kwenda juu,
hadi nje ya karatasi, juu ya mfuko wa saruji,
akaandika pembeni kwa herufi za sisimizi:
*makadirio ya mama.*

Mwalimu katoa tisa kwa kumi.
Moja kaikata: makadirio hayana chanzo.

Basi leo nimemfungia chanzo
kwenye pakiti ya unga, Mbeyu akampe mkononi:
vumbi, robo kilo,
lililopita machekeche yote matatu.
Hilo simdai.