Kumi na Viwili, na Kimoja

Shuka hufa katikati.
Kingo zake hubaki ngumu, kama siku lilipotoka dukani,
lakini pale tulipolala, mimi na Edelmiro,
miaka thelathini na mmoja ya viwiko na visigino,
ukiliinua dirishani unauona mto Uruguay ng'ambo yake.

Nimelitandika sakafuni. Nikalikunja nusu, na nusu tena,
kisha hivyo hivyo upande wa pili;
mikunjo ikachora miraba kumi na sita.
Minne ya kati, hafifu. Kumi na miwili ya pembeni, mizima.
Na watu mezani? Kumi na wawili, nikijihesabu.
Nikacheka peke yangu, nimepiga magoti, mkasi mkononi:
marehemu kaniachia hesabu sahihi kuliko pensheni.

Dukani kwa Iturralde, vitambaa sita vya mezani
ni bei ya nyama ya wiki mbili.
Vya karatasi ni rahisi, najua.
Huchanika kabla mchuzi haujafika kidevuni.
Mimi nimenunua kidonge kimoja cha uzi. Basi.

Pamba ya zamani usiikate. Itie ncha ya mkasi, upana wa kidole,
kisha ichane: itafuata uzi wake yenyewe,
itanyooka kuliko rula, ikipiga kelele
hadi majirani wadhani unagombana na mtu.
Pinda ukingo, urefu wa punje ya mchele,
pinda tena, ufiche aibu ya nyuzi.
Kwenye kona punguza kipembe, la sivyo kona itanenepa
na sindano ya cherehani itavunjika.
Yangu ilivunjika mara mbili.
Vilivyobaki nikashona kwa mkono, redio ikiniongelesha.

Kisha sufuria: maganda ya vitunguu ya mwezi mzima
aliyoniwekea Ofelia wa gengeni bila kuniuliza ya nini,
shabu kijiko kimoja. Vikatoka rangi ya, sijui,
ya chai aliyoisahau mtu akizungumza.

Tarehe ishirini na tisa. Mishahara imekwisha Paysandú nzima.
Siku ya kula nyoki na kuficha sarafu chini ya sahani
ili mwezi ujao uone haya.
Wakaja. Tukawa kumi na watatu.
Yamandú alikuja na msichana ambaye hakumtaja kwenye simu,
Nair, koti limelowa, kasimama mlangoni
kama anayeomba radhi kwa kuwa na miguu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nikarudi chumbani, nikachukua mraba mmoja wa katikati,
mweupe, haujapindwa, haujaonja sufuria,
nikaukunja ili wembamba wake usionekane,
nikauweka kwenye sahani yangu.

Sasa sikilizeni upumbavu: hakuna aliyekigusa chake.
Mchuzi ukamchuruzika shemeji Baltasar hadi ndevuni,
akajifuta kwa mgongo wa mkono.
"Vizuri mno hivi, Zulma. Ni dhambi."
Watoto wakalamba vidole.
Nair akakilaza chake mapajani
kama barua ya mtu mwingine.

Dhambi! Kitambaa kilichozaliwa kifute midomo!
Nikachukua changu, kile cha katikati,
nikakichovya kwenye sahani, mchuzi, mafuta, jani la bizari,
nikajifuta kutoka sikio hadi sikio.

Kimya.

Kisha Nair akacheka, kwa pua,
akakunjua chake, akainama mezani
akamfuta Baltasar kidevu.

Jumatatu nimevianika uani. Sabuni imefanya ilichoweza.
Kila doa lina mwenyewe: hili la Yamandú, anayekula kama anafukuzwa;
hili la Baltasar, ingawa alikula kiapo.
Changu kimechanika kwenye kamba.
Upepo umepita palepale, katikati.

Imebaki miraba mitatu.